Mbuzi wa Wino

Sizya, soma peke yako, usimsomee mume,
Nataka shauri lako, niongoze nisikwame,
Bima ndiyo kazi yako, nami sijui niseme,
Au ulimi niume, nimeze na ushahidi.

Lile gari la asali, Proboksi yangu kijivu,
Limegongwa mara mbili, kwa nyuma na kwa ubavu,
Nyuki hawaendi mbali, wanalamba buti kavu,
Isevya kwa fundi Mavu, linapigwa na baridi.

Ilikuwa Jumatano, naja kutoka Sikonge,
Nyuma yangu honi tano, nipishe au agonge,
Kanionyesha mkono, akanipa na kidonge:
“Gari, mama, si kitenge! Jikoni kwako urudi!”

Hailaksi ya tumbaku, dereva jina Lufunga,
Juu kafunga na kuku, mbawa zao wanapunga,
Tukafukuzana huku, vumbi macho limefunga,
Sokoni breki nafunga – na hapa pana zaidi.

Akanivaa kwa nyuma, gari zima likaruka,
Kashuka, spana ya chuma, ubavu akatandika,
Watu wa soko la nyama, simu juu wakashika,
Asali ikamwagika, watoto hawana budi.

Polisi nikaandika: mbuzi kakatiza njia,
Mweusi mwenye mabaka, kengele yaning'inia,
Na bima sikubanduka, mbuzi yule nikatia,
Mhuri ukatulia, nikapewa na miadi.

Barua yao ya juzi, karatasi mbili nene,
Yasema: hakuna mbuzi, wamewahoji wanane,
Eti ugomvi si kazi ya bima, tukapatane,
Na mwisho, ili nione, wino mzito: “kusudi”.

Naye Lufunga hakai, shingo yake imekwenda,
Kitandani, hanywi chai – juzi ngazi kaipanda!
Kuku wawili adai, tangu hapo wamekonda,
Video yake yatanda: taa ya breki, shahidi.

Kaka Mihambo asema, ng'ang'ania mbuzi wako,
Shahidi atasimama, kwa noti mbili tu zako,
Fundi Mavu kwa huruma kanena: “Shauri yako,
Ila bili yangu iko, na kila siku yazidi.”

Sizya, sikuona mbuzi. Njia yote tupu mbele.
Kiooni, waziwazi, nikaona uso ule,
Mguu ukawa mwizi, ukanyemelea kule,
Nikakanyaga, si pole, nikakanyaga kusudi.

Miaka tisa ya honi, nikipisha, nikipisha,
Wa mbele, wa ubavuni, nikameza, nikakesha,
Siku ile mguuni deni lote nikashusha,
Raha yake ilitosha sekunde, siyo zaidi.

Basi swali langu hili, naomba unijibie:
Nyuma ni yangu, ni kweli, ubavu nidai mie?
Nikitubu, serikali kizimbani initie?
Au mbuzi atulie, alale na ushahidi?

Usiku namsikia, kengele kule uani,
Natoka kumwangalia, ni upepo na majani,
Mbuzi niliyemtia kwa wino ulimwenguni,
Kwato zake mlangoni, taratibu: hodi, hodi.

Jibu, mwisho Ijumaa, siku ya rufani yangu,
Ukinambia “kataa”, nitakana, dada yangu,
Ila mimi nashangaa kwa nini mguu wangu,
Ndani ya kiatu changu, wajisikia baridi.

Dumu moja lilipona, nimelituma kwa basi,
Si hongo, tunajuana, usilitilie wasi,
Mfuniko nimebana, ila huvuja kiasi,
Nyuki wakija kwa kasi, usidhani ni kusudi.

Wako Kashindye,
Tabora