Kitone Juu ya Nane

Niliinunua Makoroboi kwa bei ya kuku wawili,
taipu ya chuma, rangi ya moshi wa kuni.
Muuzaji aliapa imetoka kwenye kinu cha pamba,
kwa karani aliyestaafu kabla sijazaliwa.
Nikaipandisha Igogo mgongoni, jiwe kwa jiwe,
watoto wakinifuata:
Dada, hiyo ni cherehani?

Sikujua kitu. Hilo niliseme mapema.
Nilibonyeza jina langu, herufi sita,
zote zikagonga palepale, moja juu ya nyingine,
Kabula mzima akawa doa moja.
Basi nikamimina mafuta, chupa nzima,
nikalala nikijisifu.

Asubuhi mikono ya herufi ilikuwa imeshikana
kama walevi wanaosindikizana.

Bi Nyamizi, fundi wa mizani pale Mkuyuni,
aliinusa tu.
"Mafuta mengi ni gundi iliyojifanya rafiki.
Osha kwa spiriti. Piga mswaki. Kisha uache."
Ile *kisha uache* ndiyo iliyonishinda.

Siku nne mezani, na mswaki wa zamani.
Vikatoka: nyuzi za pamba, nyeusi kama masizi,
mabawa ya wadudu wa ziwani,
pini moja, na nusu ya kucha ya mtu.
A imelika mguu, maskini, kwa kuitwa mno.
Q na X zinang'aa kama za dukani:
hakuna aliyewahi kuzihitaji.
Lakini nane? Kwa nini nane imechakaa hivi,
katikati imebonyea kama kisigino cha ndala?
Pamba ina nane nyingi kiasi gani?

Kamba ya kigari ilikuwa imekatika.
Nilishuka Mwaloni, Kirumba, kwa wauza nyavu,
nikaomba uzi wa mshipi, pima moja.
"Unavua nini?" akauliza kijana.
Nikasema sijui bado.
Nikaufunga fundo la sangara alilonionyesha,
mara tatu ukaniponyoka,
springi ikazunguka ikalia kama nyuki kwenye debe.
Mara ya nne ukashika.
Kigari kikavutika kushoto, hatua, hatua,
na mimi nimeshika pumzi
kana kwamba kuna kitu kizito upande wa pili.

Utepe nikaulowesha wino wa mihuri.
Vidole bado ni vya zambarau.
Rola nikaisugua msasa, na kwa tochi nikaona
mfereji mdogo, mahali pale pale pa miaka yote:
YAH:
YAH:
YAH:
Yaliyohusu yamefutika. Kuhusu kwenyewe kumebaki.

Nami nikaandika YAH:
kisha nikakwama, kwa sababu barua niliyonayo
ni ya baba, na pensheni yake,
na dirisha namba tatu wanaposema
*majina hayafanani*.
Kompyuta yao imemwandika Ngwandu,
kama mtu anayeguna.
Nikatafuta kile kitone meza nzima ya vitufe,
kushoto, kulia, chini,
hadi nikakiona kimekaa kimya juu ya nane.

Ndipo nikamwelewa karani.
Hakuwa anahesabu marobota.
Alikuwa anaandika watu wa huku:
Ng'wandu, Ng'humbi, Ng'oga, Ng'wana nani na nani,
siku nzima kidole kwenye nane,
asimwache mtu nusu.

Nikabonyeza. Kwa nguvu ya mwanafunzi.
Kitone kikatoboa karatasi.
Nikaiinua dirishani,
na jua la saa kumi likapenya
kwenye jina la baba, tundu dogo, safi,
likanitua shavuni.

Kengele bado haijalia.
Nimeifungua, nimeifunga, inanitazama.
Mwisho wa kila mstari
mtoto wa jirani, Mihayo, amekaa kizingitini,
ananisaidia kwa mdomo:
*Ti.*