Sindano Isiyochoma

Kazini, hospitali ya Rustaki, mimi hutoa damu.
Mwaka wa kumi na moja huu. Watoto walionitemea mate,
mashekhe waliogeuza uso wasione,
bwana harusi aliyezimia kabla sijafungua pamba:
wote niliwatoboa mara moja, mara moja tu,
na mkono huu haukutikisika.

Basi nieleze, wewe ujuaye mambo ya mikono,
kwa nini saa saba ya usiku, miguu juu ya mto,
kiyoyozi kikikohoa,
kidole gumba changu kinatetemeka
mbele ya kijipira ambacho hakipo?

Gofu. Naam, cheka.
Fimbo yake sijapata kuishika.
Kwetu hapa milima ni mifupa mitupu,
lakini kwenye simu nina konde la majani yenye umande,
na mchanga, huu huu ninaoukung'uta viatuni kila jioni,
humo umekuwa mtego.

Sindano ya mchezo hupita kushoto, kulia, kushoto.
Unainua kidole ikifika katikati. Ndiyo yote.
Mtoto wa dada yangu, Muadh, huiota,
na akikosa huirusha simu kitandani
(kitandani, si ukutani: hasira zake zina hesabu).

Jana ilikuwa fainali ya wiki.
Mpinzani yuko Busan, au anasema yuko Busan.
Kila nikilenga ananitumia kikatuni kinachocheka,
meno nje, machozi yakimtoka.
Shimo la tano nikapiga majini.
La sita, majini tena.
Nikawa nyuma kwa mapigo matatu,
nami nikaanza yale ninayowakataza wagonjwa:
kukunja ngumi, kuzuia pumzi, kuikodolea sindano.

"Wee Ghaniya! Bado wapigana na Wachina?"
Mama, chumba cha pili, Kiswahili chake
kama aliyeondoka Unguja juzi.
"Mkorea, mama."
"Basi mkomeshe ulale."

Nikaiweka simu gotini. Saa ya mchezo ikihesabu:
kumi na tisa, kumi na nane.
Nikajisemesha kwa sauti ile ya kazini,
ya chini, yenye uongo kidogo:
Haya bibie, legeza mkono. Tazama kalenda ukutani.
Hukuwa wa kwanza leo, hutakuwa wa mwisho.
Itauma kidogo, halafu utakwenda zako unywe juisi.

Kikatuni nikakizima.
Kumbe kinazimika! Miezi minne nachekwa bure.

Mshipa hautafutwi kwa macho.
Unaweka ncha ya kidole, unangoja, unakuinukia wenyewe.
Sindano ikapita, nikaiacha.
Ikarudi, nikaiacha.
Ilipofika sikuinua kidole;
kidole kiliinuka.

Matatu yakawa mawili. Shimo la nane, moja.
La tisa, kijipira kikaizunguka midomo ya shimo
kama mgeni anayeaga mlangoni,
akakumbuka neno, akarudi, akaaga tena,
kikatulia nje. Unywele mmoja nje.

Nikamtumia yule wa Busan kikombe cha kahawa.
Akakaa kimya kidogo, akanirudishia kikombe.
Nikalala kama gogo.

Asubuhi Muadh mlangoni, begi begani:
"Umeshinda, mama mdogo?"
"Nimeshindwa."
"Mbona unacheka?"
Simu yake mkononi, sindano inapita,
kabla ya shule, kabla hata ya chai.
"Leta mkono," nikamwambia.
Vidole viwili nikaviweka kwenye kifundo chake,
nikaitazama saa ya ukutani.
Mia moja na kumi na nane, na kasimama tu.
"Ni mapigo mangapi hayo?"
"Mengi," nikasema. "Kwa gofu, mengi mno."