Viraka

Fundi Nampota aliuchomoa mpira ndani ya tairi
kama anayetoa utumbo wa changu,
akauzamisha kwenye beseni, akauminya,
akahesabu kwa sauti ili na muuza vocha asikie:
kumi na moja.
"Mama Hawaje, hapa hakuna mpira tena.
Hapa kuna viraka vinavyosafiri pamoja."

Nilicheka na wote.
Kisha, tukingoja povu liseme pa kuziba,
nikaanza kuvisoma.

Hiki kikubwa, cha kipande cha tairi la trekta,
ni cha Mbae, msimu wa korosho,
saa kumi na moja alfajiri, taa yangu ni simu niliyoifunga kwenye usukani.
Lori la magunia lilinitoa kwenye lami.
Nikatua mibani, mimi na mfuko wa chikandanga.
Dereva hakusimama. Alipiga honi, ndefu,
utadhani barabara kaizaa yeye.

Hivi viwili vilivyopandana ni vya siku moja:
asubuhi msumari, jioni msumari,
na katikati mashuka mia na arobaini ya Ligula,
ya wadi ya wazazi, ya wadi ya majeruhi.
Damu ya kuzaa na damu ya ajali
zikiingia majini huwezi kuzitofautisha.
Siku ile nilisukuma baiskeli hadi Mikindani
vidole vimekunjamana kwa sabuni,
bahari upande mmoja, mimi sikuitazama.

Mwaka wa kwanza watoto wa Magomeni walinikimbilia nyuma:
"Mama Fonikisi! Mama Fonikisi!"
Shemeji akasema mwanamke hapandi chuma,
lakini nauli ya bodaboda hakuitoa,
na nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi,
ingekula mshahara wangu na kuramba sahani.
Nikapanda. Kanga moja kiunoni, suruali chini yake,
kengele nikaipiga hata pasipo na mtu.

Na hiki, fundi, kilichokauka, chenye ufa?
"Hicho si changu," akasema Nampota. "Ni cha zamani."
Ndiyo. Nakijua.
Mfaume alipohamia kwa mke wa Newala
alibeba redio, alibeba godoro, alibeba hata kinu.
Baiskeli aliiacha
kwa sababu ilikuwa na pancha.

Basi nikanunua mpira mpya. Mweusi, una harufu ya duka,
haujui jiwe lolote la mji huu.
Ule wa zamani nikamkataza asiutupe.
Akaupasua kwa wembe, ukawa mkanda mrefu,
viraka vyote vikiwa mgongoni mwake kama vifungo.

Jumapili niliufungia tranka la bati kwenye kerea:
Hawaje anaenda kuanza shule Masasi.
Yeye kando, ndoo kichwani, mkono mmoja kwenye tranka lisiyumbe,
akinihesabia tena vitu alivyokwisha kuvihesabu.
Kwenye mashimo mkanda ulivutika, ukalia, haukukatika.
Stendi, utingo akasema kamba zimekwisha,
mzigo wa juu bila kamba haupandi.
Nikampa mkanda.
Nikaona viraka vyangu kumi na moja vikikazwa juu ya basi,
vikipita njia panda ya Mangamba kwa kasi
ambayo mimi sijawahi kuifikia.

Jumatatu kerea ilikuwa nyepesi mno,
gurudumu la nyuma likirukaruka kama mbuzi.
Jumanne vilevile.
Jumatano, pale pale Mbae, psssss.

Nampota akainama kwenye beseni, akaniangalia kwa chini:
"Mpira mpya, Mama Hawaje. Tuanze moja?"

Nikamwambia andika
kumi na mbili.