Mkalimani, Zwolle

Ofisa anauliza, natafsiri:
"Gerezani ulifanya kazi gani?"
"Nilishika funguo tu," asema Gholam Sarwar,
kucha zikichimba kikombe cha karatasi.
Tu. Neno dogo. Nalivusha hadi Kiholanzi
bila kulipunguza.

Nje theluji inageuka maji juu ya baiskeli.
Ana binti, kazaliwa hapa hapa,
kesho ana mtihani wa hesabu.
Akirudishwa, asema, watamnyonga.
Hilo pia nimelitafsiri.

Mkataba humfungia mlango aliyetesa.
Sikuulizwa, wala si kazi yangu kusema,
kwamba kaka yangu aliingia korido ile
mwaka wa themanini,
vikarudi viatu tu.

"Ulisikia mayowe?"
Ananitazama mimi, si ofisa.
"Usiku tulikuwa tunawasha redio."

Redio.
Neno lisilohitaji mkalimani.