Pa Kupitisha Msumari

Nilitumwa Umoja na utepe wa kupimia,
faili la kijani, na neno moja zito:
uthamini upya.

Mama Kageha alifungua mlango nusu.
"Upya?" akaniuliza. "Kwani ule wa kwanza
uliharibika?"

Sikuwa na jibu. Nikapima sebule.
Ufa kutoka dirishani hadi sakafuni:
nikapunguza kidogo.
Lami mpya nje ya geti:
nikaongeza sana.
Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni
akimhesabia meno.

"Hiyo lami ndiyo imenipandisha?
Mbona magoti yangu yanashuka?"

Nikamweleza kama tulivyofundishwa chuoni:
bei ni ya soko, kima ni cha daftari,
na thamani...
Hapo ulimi ukajikwaa,
maana thamani na zamani
zinapishana kwa sauti moja tu,
na dhamana iko mlangoni, inasikiliza.

Akacheka. Akanivuta mkono hadi uani,
kwenye banda la kuku, bati limeiva kutu.
"Usitazame bati. Tazama misumari."

Chini ya kila kichwa cha msumari
senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati.
Marehemu Mudaki alikuwa nazo debe zima
zilipokataliwa dukani.
Wenzake walizitupa, wengine wakawapa watoto wachezee.
Yeye alisema: tundu tayari limetobolewa,
nusu ya kazi imekwisha.
Miaka arubaini na sita
kuku wa nyumba hii hawajalowa.

"Haya. Andika hilo."

Nikatafuta safu. Ipo ya paa, ya sakafu,
ipo hata ya maji taka.
Ya pesa iliyokufa
ikafufukia kwenye kuzuia mvua,
haipo.

Nikaandika: *Banda, la muda. Halihesabiwi.*
Nikapiga muhuri. Kodi yake itapanda Januari;
sikuweza kulizuia hilo,
na kusema kweli, sikujaribu.

Alinifungia mayai mawili kwenye gazeti.
Nikataka kulipa. Akakataa:
"Utayakadiria kwa futi gani?"

Usiku, chumbani Kayole, stima imepotea,
nikatoa noti ya elfu mfukoni,
nikaiinua kwenye mwanga wa mshumaa,
nikaigeuza, nikaigeuza tena,
nikitafuta pa kupitisha msumari.