Kichwa Kisicho na Namba

Kilirudi Ijumaa juu ya mkokoteni,
kimefunikwa gunia kama maiti ya mtu mwenye madeni:
kichwa cha boila, nilichokifinyanga mwenyewe
hapa Kariobangi, kibanda cha tatu kutoka kwa wauza betri,
siku nne za nyundo na moto,
siku ya tano ya kupapasa tu,
kama mkunga anavyosikiliza tumbo.

Hakina ufa. Hilo liandikwe kwanza.

Boila ni ya kampuni kule Eneo la Viwanda.
Mimi ni mkono wa kukodiwa.
Kile kibati cha shaba kifuani pa boila
kitakuwa na jina lao, mwaka, na kipimo cha shinikizo;
langu halimo, wala sikulidai.

Mkaguzi, Bi Nekesa, alikuja na tochi na chaki.
Hakugonga. Hakupima unene.
Alikizunguka mara mbili, akauliza:
"Namba ya bamba iko wapi?"

Namba ilikuwepo, naapa.
Ilikuwa pembeni, imegongwa huko lilikoyeyushiwa,
tarakimu saba na herufi moja,
na cheti chake kimo kwenye faili ya waridi:
kaboni, manganizi, salfa, uzito wa kulivuta hadi likatike.
Chuma kinachojua nasaba yake kuliko mimi yangu.
Lakini nilikata duara,
na zile pembe nne nikamuuzia mtu wa skrapu,
kwa kilo, kabla ya chai.
Namba ikaondoka mgongoni mwake.

*Hamisha namba kwanza, ndipo ukate.*
Mstari huo ulikuwa ukurasa wa nne wa mkataba.
Nilitia sahihi ukurasa wa sita.

Baba yangu aliuza mafuta taa Dandora.
Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Miaka yote nikidhani ni habari ya mafuta taa.

Nikamwambia, chuma ni kilekile.
"Huenda."
Nikamwambia, Agutu aliyelehemu shingo ya bomba ana cheti.
"Cha milimita sita. Hiki ni kumi na sita."
Mshono wenyewe ulikuwa umelala vizuri,
kama msuko wa nywele wa siku ya harusi. Aliutazama sana.
Nikasema, kwa hasira sasa,
mvuke hausomi karatasi, mama.
"Hausomi," akasema. "Ndiyo maana nasoma mimi."

Kisha akaniuliza boila inakwenda wapi.
Hospitali, nikasema. Chumba cha kufulia mashuka.
"Na atakayeiwasha saa kumi alfajiri anaitwa nani?"
Sikujua.
"Hata mimi," akasema, akachora msalaba wa chaki.

Hasara nililipa kwa awamu, mpaka Novemba.

Siku hizi kabla sijawasha mwenge wa gesi
nagonga namba kwenye kila kipande, hata cha kiganja.
Agutu yuko darasani Jumamosi, analalamika,
anachomelea bamba nene mbele ya mwalimu mdogo kuliko yeye.

Na kile kichwa kiko nje, kimelala chali.
Kwamboka hukioshea sukuma.
Mvua ya Aprili ilikijaza hadi ukingoni,
nikainama asubuhi kupitisha kidole chini yake, pande zote.

Kikavu.
Hakivuji hata tone.
Na bado sina la kumwonyesha mtu.