Asilimia Tisini na Saba

Saa nane za usiku. Ibanda imelala,
mimi na mashine tuko macho.
Feni zinavuma kwa sauti moja,
mzinga mkubwa usio na asali.

Kwenye kioo, mstari mwekundu:
ghala limejaa, asilimia tisini na saba.
Kazi arobaini na moja ziko foleni.
Ya kwanza ni ya Daktari Nsimire Zihalirwa,
anayetaka kujua mvua ya Novemba
itaushusha mteremko upi wa Kadutu.
Hesabu yake inaomba terabaiti kumi na mbili.
Nina kumi.

Ukiniuliza kazi yangu, sina jina zuri la kukupa.
Mimi hupanga vitu vya watu gizani.
Wananiletea mitetemo, mvua, maradhi ya mihogo,
nami nauliza kama mama wa chumba kimoja:
hiki kitalala wapi?
Na hiki, bado unakihitaji?

Hajatokea hata mmoja akasema, "Futa."
Wote wana nakala: *mwisho*,
*mwisho_kweli*,
*mwisho_kweli_usiguse*.

Natafuta kilicholala muda mrefu.
Kabrasha moja, siku elfu moja na sitini bila mkono wa mtu:
*murhula_funu*. Terabaiti tisa.
Nalifungua kidogo, kwa haya,
kama anayeinua kifuniko cha chungu cha jirani.

Picha. Milioni moja na ushei.
Korongo lile lile la Funu, kila nusu dakika,
misimu mitatu ya mvua.
Naziruka mia kwa mia, na ardhi inatembea:
ukingo unakula mgomba,
unakula kamba ya kuanikia nguo,
unakaribia nyumba yenye mlango wa buluu.
Mtoto anatoka na ndoo. Anarudi. Ameshakuwa mrefu.
Picha ya mwisho imeinama,
kamera inatazama mbingu.

Murhula, wanasema, yuko Kolwezi,
anapima udongo wa kampuni.
Habari za mlango wa buluu sijazisikia.

Hapo taa zikapepesa. Ruzizi imetuacha tena.
Betri zina dakika kumi na moja.
Nikashuka ngazi nikiita, "Papa Cirhuza! Jenereta!"
naye akaja na kidumu cha mazutu
na koti alilovaa ndani nje,
akiitukana ile injini kwa Kishi hadi ikaona aibu, ikawaka.

Nikarudi. Dakika mbili zilikuwa zimebaki.
Kidole juu ya kitufe, jina la Murhula likisubiri.
Nikabonyeza *Hapana*.

Nikaingia kwenye kabrasha langu.
Terabaiti mbili na nusu: joto la mashine,
kila feni iliyokufa, kila umeme uliokatika na kurudi,
miaka minne, usiku kwa usiku,
ushahidi pekee kwamba nilikuwapo hapa.
Nikafuta.
Haikuchukua hata muda wa kupoza chai.

Saa kumi na mbili, kazi ya Daktari inaanza.
Nimemwachia ujumbe: *Kabla hujaamini hesabu,
njoo utazame korongo la Funu.
Na kama unamjua mwenye mlango wa buluu, niambie.*

Cirhuza anauliza kama usiku ulikuwa mwema.
Namwambia sina kumbukumbu.
Anacheka, hajui.
Kwenye kioo mstari unapanda polepole:
tisini na tano,
tisini na sita.